Kwa Nini Maikrowevu Kuukuu Haikupakiwa Kwenye Kontena

"Sisi huku tunatengeneza, hatutupi." Maneno hayo yalisemwa ngazini, katika jengo la ghorofa nne mjini Hamburg, na mstaafu mmoja aliyeona boksi jipya la maikrowevu mikononi mwa jirani zake Watanzania. Aliyasema kwa upole, lakini yalimkaa rohoni mwandishi wa makala haya, kwa kuwa nyumba yake haina tabia ya kutupa kitu kinachotengenezeka. Sufuria zimebadilishwa vishikio, pasi imebadilishwa waya, na maikrowevu yenyewe ilishawahi kufunguliwa na kuponywa kabla haijafika mwisho wake. Yafuatayo ni maelezo kwa jirani huyo, na kwa yeyote anayedhani kwamba watu wa Afrika Mashariki hujifunzia Ulaya kutunza vitu.

Maikrowevu hiyo ilinunuliwa kifungua mimba alipoanza chekechea. Ugonjwa wake wa kwanza ulikuwa cheche. Ndani, ubavuni, kuna kibamba chepesi cha rangi ya kahawia kilichotengenezwa kwa maika, kinachofunika tundu ambalo mawimbi hupitia kuingia kwenye chakula. Mafuta yakirukia hapo miaka nenda miaka rudi, huungua yakawa kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ndipo cheche huanza na jiko zima likanuka moshi. Kibamba cha maika huuzwa kwa euro chache kikiwa karatasi nzima. Mume wa mwandishi alikiweka kile cha zamani juu ya kipya, akachora umbo lake kwa penseli, akakata kwa mkasi wa jikoni, akakipachika. Cheche zikakoma, na mashine ikafanya kazi miaka mingine.

Mlango ndio uliokuja kuimaliza.

Bawaba ya chini ililegea, ndoano moja ya plastiki ikalika, na rangi ya ndani ikabanduka pembeni mwa fremu mpaka kutu ikaonekana. Ukiufunga, ulihitaji kusukumwa kwa goti. Wapo watakaosema mlango wa kusukumwa kwa goti ni jambo dogo, na kwenye friji ni kweli. Kwenye maikrowevu si dogo, na sababu yake iko katika asili ya chombo chenyewe.

Moyo wa maikrowevu ni magnetroni, kifaa kilichozaliwa vitani. Mwaka 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot walitengeneza magnetroni yenye nguvu ya kuendesha rada ndogo, na mwaka huo huo ujumbe wa wanasayansi wa Uingereza ukaivusha bahari mpaka Marekani. Huko kampuni ya Raytheon ikawa inazitengeneza kwa wingi. Mhandisi wake Percy Spencer aligundua kwamba peremende aliyokuwa nayo mfukoni imeyeyuka alipokuwa karibu na magnetroni iliyowashwa, akapeleka maombi ya hataza Oktoba 1945. Maikrowevu za kwanza kuuzwa zilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ilipofika 1967 ndipo kampuni ya Amana ilipouza ya kuwekwa mezani, kwa dola 495.

Tangu hapo umbo limepungua, bei imeshuka, lakini kazi ni ile ile: mawimbi ya gigahezi 2.45, yenye urefu wa takriban sentimita 12, yanafungiwa ndani ya sanduku la chuma ili yapashe moto maji yaliyomo kwenye chakula. Kioo cha mlango kina wavu wa chuma wenye matundu madogo kuliko punje ya mchele, na wimbi la sentimita 12 haliwezi kupita hapo. Pembeni, fremu ya mlango na fremu ya sanduku lazima zikutane barabara. Viwango vya kimataifa vinaruhusu kuvuja kusikozidi miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba, kukipimwa sentimita 5 kutoka kwenye mashine. Mlango uliopinda au fremu iliyooza kwa kutu vinaondoa uhakika huo, na mamlaka ya Ujerumani ya kinga dhidi ya mionzi inashauri wazi kwamba maikrowevu yenye mlango ulioharibika isitumike. Nyumba yenye watoto wanaosubiri kiporo huku pua zimegusa kioo haiwezi kulipuuza shauri hilo.

Basi kwa nini haukutengenezwa mlango? Hapa ndipo jirani angepaswa kuuliza kabla ya kuhukumu.

Nyuma ya ndoano za mlango kuna swichi ndogo kadhaa, na mojawapo imewekwa makusudi ili, swichi nyingine zikigoma kukata umeme mlango unapofunguliwa, ilete shoti na kuunguza fyuzi. Ndiyo maana maikrowevu yenye mlango mbovu huzimika ghafla, fyuzi ikibadilishwa inaungua tena. Fyuzi haina kosa. Inafanya kazi yake. Nyuma zaidi kuna transfoma inayopandisha umeme wa nyumbani hadi zaidi ya volti 2,000, na kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Chaji hiyo inaua. Kwa sababu hiyo karakana nyingi za hiari ambako wajuzi humsaidia mtu kutengeneza vifaa vyake bila malipo (utaratibu ulioanzishwa Amsterdam mwaka 2009 na Martine Postma) hupokea kibaniko cha mkate, taa na redio, lakini maikrowevu huzikataa mlangoni. Fundi wa kulipwa naye alitaja ada ya kuja kukagua tu, kabla ya kugusa skrubu, iliyokaribia bei ya maikrowevu mpya ya mezani.

Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa vifaa, ambayo nchi wanachama zimetakiwa kuanza kuitumia 31 Julai 2026. Ndani yake mna mashine za kufulia, za kuoshea vyombo, friji, simu, hata mashine za kuchomelea vyuma. Maikrowevu haimo katika orodha hiyo. Mkoa wa Thüringen wa Ujerumani ulianza mwaka 2021 kuwarudishia wakazi wake nusu ya gharama ya matengenezo, mpaka euro 100 kwa mwaka, na jambo hilo ni la kusifiwa, ila lilikuwa la wakazi wa mkoa huo. Kwa hiyo mtu anayehubiri ngazini kwamba huku watu hutengeneza, angeanza kwa kuuliza ni nani amebaki wa kutengeneza, na kwa bei gani. Kariakoo, Dar es Salaam, kuna fundi mwenye meza, taa ya kichwani na bisibisi yenye mpini wa mpira, anayejua kuitoa chaji kwenye kapasita kabla ya kushika kitu, na mwenye lundo la maikrowevu zilizokufa ambamo mlango mzima unaweza kupatikana kabla ya adhuhuri. Hamburg, jiji lenye bandari kubwa kuliko zote za Ujerumani, fundi wa namna hiyo hakupatikana.

Kununua nako kuna mambo yake. Ujerumani, mpangaji mara nyingi hupewa nyumba isiyo na jiko: hakuna kabati, hakuna sinki, wakati mwingine ni mabomba mawili tu yaliyotokeza ukutani. Mpangaji aliyetangulia ameng'oa vyake akaondoka navyo, au anataka umlipe ili aviache. Familia hii ililipa, ikarithi makabati ya mtu mwingine, na ndani ya kabati la juu tundu la maikrowevu lenye kimo cha sentimita 38. Maikrowevu za kuingizwa kabatini hutengenezwa kwa matundu ya vimo mbalimbali, na ile ya tundu la sentimita 45 haiingii hata ukiomba dua. Ile ya kawaida ya mezani nayo haifai kusukumwa humo, kwa kuwa hupumua kwa matundu ya ubavuni na nyuma. Ikinyimwa hewa, hujizima au huungua. Ya kabatini ina bei mara mbili au tatu ya ile ya mezani. Watengeneza makabati waliamua hivyo, na mpangaji hulipia uamuzi huo miaka mingi baadaye.

Kisha ile kuukuu iende wapi? Ina alama ya pipa la taka lililokatwa kwa msalaba, yaani ni marufuku kuitia kwenye pipa la nyumbani. Sheria ya Ujerumani inataka maduka yenye eneo la mita za mraba 400 au zaidi la vifaa vya umeme yapokee vilivyokufa, na tangu 1 Julai 2022 hata maduka makubwa ya vyakula, yenye mita za mraba 800 na kuendelea, ikiwa huuza vifaa vya umeme mara kadhaa kwa mwaka. Ila kuna kipimo: kifaa ambacho hakuna upande wake unaozidi sentimita 25 hupokewa bila kununua chochote, kikizidi hapo, hupokewa tu ukinunua kingine cha aina hiyo hiyo dukani hapo. Simu ya zamani, ndiyo. Mashine ya kunyolea, ndiyo. Maikrowevu, yenye upana unaokaribia nusu mita, mpaka ununue nyingine kwa yule yule anayekukatalia. Mpya ilikuwa imeletwa na duka jingine, na mpeleka mizigo aliiacha ngazini akaondoka. Mwishowe kuukuu ilipelekwa kwenye kituo cha taka cha mtaa, ambako wakazi hawalipi kitu kwa vifaa vya umeme.

Wa pili kulalamika alikuwa shangazi, aliyeko Tanga. Habari zilimfikia kwenye WhatsApp kabla maikrowevu haijatolewa kabatini, akauliza kwa nini isipakiwe kwenye kontena ambalo jamaa walikuwa wakilijaza magodoro, baiskeli na matairi kwenda Dar es Salaam. Umeme si kikwazo, kwani Ujerumani na Tanzania zote zina volti 230 na hezi 50, na plagi hubadilishwa. (Walioko Marekani hawana nafuu hiyo: mashine ya volti 120 na hezi 60 itahitaji transfoma nzito, na hata ikipewa, ile iliyotengenezwa kwa hezi 60 hupata joto kupita kiasi.) Kikwazo ni kwamba sheria ya Ulaya ya mwaka 2012 inadai kifaa kilichotumika kikisafirishwa kiwe kimepimwa, kina karatasi inayoonyesha kinafanya kazi, na kimefungwa vizuri. Kisipokuwa hivyo, kinahesabiwa kuwa taka. Na tangu 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za umeme, zenye sumu na zisizo na sumu, haziruhusiwi kuvuka mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza. Shangazi alitumiwa pesa, akanunua yake huko huko Tanga.

Binti wa kwanza, aliye darasa la nane, aliyasikia mazungumzo hayo akayageuza kuwa bango la shule. Aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mwalimu akamuuliza kama taka hizo zinatoka Afrika. Akajibu kwamba nyingine zinakwenda Afrika, na akaonyesha kwenye ramani bandari zinakopitia. Mama yake amelibandika bango hilo kwenye mlango wa jikoni na halitatoka hapo karibuni.

Kitinda mimba, mwenye miaka tisa, yeye hakujali taka. Alitaka kujua kwa nini sahani ya ndani huzunguka. Alipoambiwa kwamba mawimbi hugongana ndani ya sanduku yakafanya sehemu zenye moto na sehemu baridi, hakuamini, na maikrowevu mpya ikafanyiwa jaribio kabla haijapasha moto hata bakuli moja la maharage. Sahani ilitolewa ili isizunguke, kipande kirefu cha chokoleti kikawekwa ndani, ikawashwa sekunde chache kwa nguvu ndogo. Kilitoka kimeyeyuka madoa madoa, na sehemu iliyobaki imara kabisa. Rula ikaletwa: kutoka doa hadi doa, kama sentimita 6. Dada yake akazidisha kwa 2 kupata urefu wa wimbi, akazidisha na mizunguko bilioni 2.45 kwa sekunde, na kwenye kikokotoo ikatokea namba inayokaribia kilomita 300,000 kwa sekunde, yaani kasi ya mwanga. Walipiga kelele mpaka mama akakumbuka kwamba ni Jumapili na kelele Jumapili huku Ujerumani haziruhusiwi. Chokoleti ililiwa na wote wawili, na aliyepima akadai kipande kikubwa.

Jaribio la pili lilikuwa la maji, na hilo lilifanyika kwa ile kuukuu kabla haijaondoka, kwa kipimajoto cha maji ya mtoto. Lita moja ya maji baridi huwekwa ndani, mashine ikawashwa dakika moja kwa nguvu zote, maji yakakorogwa, kisha huangaliwa yamepanda digrii ngapi. Kila digrii ni sawa na wati 70 hivi. Iliyoandikwa wati 800 inapaswa kupandisha digrii 11 au zaidi kidogo. Kuukuu ilipandisha 6 tu. Magnetroni yake ilikuwa imechoka, hata mlango ungepatikana.

Aliyeko Ulaya anayetaka kumtumia mzazi maikrowevu iliyotumika na aukague kwanza mlango na fremu yake kwa tochi, afanye kipimo hicho, aandike karatasi ya majibu na kuibandika juu ya mashine. Ikishindwa popote hapo, ipelekwe kituo cha taka, na nyumbani zitumwe pesa.