Siafu Wapishe, Sisimizi Wafutie Njia

Mvua za Novemba zikishalowesha udongo hapa Mbozi Mission, wa kwanza kujua ni kuku. Usiku wa manane banda zima linapiga kelele. Ukimulika tochi, unaona utepe mweusi umetoka kwenye mibuni, umekata uwanja, unaingia ndani. Siafu.

Usiku mmoja wa namna hiyo, kijana wa jirani yangu alikimbilia stoo akarudi na bomba la mgongoni, lile la kupulizia kahawa. Mama yake akamzuia: "Mwanangu, weka hilo chini. Fungulia kuku, mbebe bibi yako, tutoke." Walilala kwetu. Kulipokucha siafu walishaondoka, na mende na kunguni waliomsumbua yule mama tangu kiangazi hawakuonekana tena.

Alijua alichokifanya. Siafu hawaoni. Wanaongozwa na harufu na mguso. Kundi moja lina mamilioni, haliwezi kukaa mahali pasipo na mawindo, kwa hiyo linapita. Wa kuogopewa ni yule asiyeweza kuwakimbia: kuku wa bandani, mbuzi wa kamba, mtoto mchanga, mgonjwa kitandani. Hao watoke kwanza.

Sisimizi ni habari nyingine kabisa, maana yeye haji kuwinda, anakuja kwenye sukari, na akipapenda anakaa. Wa kwanza akipata chakula huacha harufu njiani, na wenzake wanaifuata. Ukiua mia, malkia yuko salama ukutani au chini ya sakafu, anaendelea kutaga. Basi futa njia yenyewe kwa kitambaa na maji ya sabuni, fuata msururu hadi kwenye tundu, uzibe. Sukari ikae kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Kabati la chakula lisimamishwe kwenye makopo ya maji, kama walivyofanya bibi zetu, ila maji yabadilishwe mara kwa mara, mbu wasije wakazaliana humo.

Kahawa yenyewe inatufundisha kwamba sumu si njia pekee. Nchini Kenya, miaka ya 1920 na 1930, mibuni ilishambuliwa vibaya na vidung'ata, na sisimizi waliwalinda kwa sababu ya majimaji matamu yanayotolewa na vidung'ata hao. Wakulima walipaka mashina grisi kuwazuia sisimizi wasipande. Nafuu kubwa ililetwa na nyigu wadogo kutoka Uganda, walioanza kuachiliwa mashambani mwaka 1938, ambao hutaga mayai yao ndani ya vidung'ata.

Kinachoniuma ni dawa ya shambani kuingizwa jikoni. Katika nyumba zetu za wakulima iko karibu, tena imeshalipiwa, na mtu akichoshwa na sisimizi mkono unaifuata. Lakini kipimo chake kiliwekwa kwa ajili ya mti ulio wazi kwenye upepo. Jikoni inatua juu ya sufuria, juu ya debe la unga, sakafuni anapotambaa mtoto kisha akanyonya vidole.

Lile bomba la jirani halilali tena stoo. Mama ameliondoa nyumbani, liko kwenye kibanda cha shambani, na ufunguo anao yeye.