Je, Wajua? Chuma cha moto kilizuia damu Bunyoro mwaka 1879

Mwaka huo, mmisionari Mwingereza Robert Felkin alishuhudia mganga akimpasua mama mjamzito ili kumtoa mtoto huko Kahura, Bunyoro, Uganda ya leo. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi. Pombe hiyohiyo ikatumika kunawia mikono na kuosha tumbo. Kisu kikapita, na kila palipochuruzika damu msaidizi aligusa kwa chuma kilichopashwa moto hadi kikawa chekundu. Kidonda kilifungwa kwa pini saba za chuma na uzi wa gome la mti. Siku ya 11 kilikuwa kimepona, mama na mtoto wazima. Ulaya enzi hizo wengi waliopasuliwa hivyo walikufa!

Siku hizi kazi hiyo ya kuzuia damu hufanywa kwa umeme. Mwaka 1926, mjini Boston, Marekani, daktari Harvey Cushing alianza kutumia kifaa cha William Bovie: umeme hupita kwenye ncha ndogo, ukakata nyama huku ukiziba mishipa midogo, kisha hutokea kwenye bamba lililobandikwa mwilini, mara nyingi pajani.

Kwa hiyo msomaji, kwa kuwa umeme huo hupita mwilini, ukienda kupasuliwa, vua pete na hereni. Kama umewekewa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, mwambie daktari mapema.