Mvumo wa Pedali: Usiilaumu Kabla ya Kufuata Waya

Ijumaa jioni, ghorofa ya 21, West Bay. Nje taa za Corniche zimeanza kuwaka. Ndani, mwanangu wa miaka 15 ameshika gitaa la umeme, na miguuni pake ipo pedali ndogo ya bei nafuu aliyoinunua kwa pesa zake za Idi. Anaikanyaga. Badala ya muziki, chumba kinajaa mvumo kama wa friji kuukuu, na juu yake mluzi mwembamba unaochoma masikio.

Saa mbili usiku alikuwa na ahadi. Saa za Doha na za Tanga ni zile zile, na bibi yake alikuwa anasubiri kwenye simu ya video. Bibi huyu ni mjane wa mpiga gitaa la rizimu, na ujana wake aliuishi katika mji wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Huwezi kumdanganya kwa kelele.

"Mama, nimeuziwa takataka," kijana alisema, macho yakimlenga.

Baba yake alikuwa na dawa. Kuna mtu kazini alimwambia kwamba mvumo huisha ukikata waya wa ethi, yaani ule wa ardhini, ndani ya plagi ya amplifaya. Bisibisi ilikuwa tayari mkononi. Bahati njema, nilikuwa nimeshamwita jirani yetu wa Mombasa, ambaye hufunga vyombo vya sauti kumbini.

"Shemeji," alisema akiwa bado mlangoni, "iweke chini hiyo bisibisi kwanza."

Kosa linaloweza kuua

Waya wa ethi hauko pale kwa mapambo. Umeme ukivuja ndani ya amplifaya na kugusa bati lake, ethi huupeleka ardhini, na fyuzi au swichi kuu hukata. Bila ethi, umeme huo hungoja mkono wa mtu. Nyuzi za gitaa zimeungana na bati la amplifaya kupitia waya wa gitaa, kwa hiyo mkono huo utakuwa wa mtoto wako. Tarehe 3 Mei 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyo na ethi.

Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunaijua tabia ya kuchokonoa soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Soketi za Qatar ni za pini tatu kama za kwetu, na tabia hiyo tumesafiri nayo. Tuiache. Kama kelele inaisha tu ethi inapoondolewa, tatizo halijatibiwa, limefichwa.

Ondoa kitu kimoja kimoja

Jirani yetu hakuanza na pedali. "Sauti ina njia," alimwambia mwanangu. "Sisi tunaifuata njia." Kila mara waliondoa kitu kimoja tu, wakasikiliza. Hata wewe usiyejua muziki unaweza kufanya hivi:

1. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya, bila pedali. Mvumo ukibaki, pedali haina kosa.

2. Rudisha pedali, kisha punguza sauti ya gitaa hadi sifuri. Kelele ikinyamaza, inatoka kwenye gitaa. Pedali za kukwaruza sauti hukuza kila kinachoingia, kizuri na kibaya, ndiyo maana kelele ndogo ya gitaa hugeuka kubwa.

3. Tikisa waya taratibu penye plagi zake. Ukisikia mikwaruzo, badilisha waya.

4. Chomoa adapta ya pedali, weka betri ya volti 9. Betri haijaunganishwa na umeme wa nyumba wala na kifaa kingine. Kelele ikiisha, mkosaji ni adapta. Pedali nyingine ndogo hazina mahali pa betri. Hizo zijaribu kwa adapta yake peke yake.

5. Kama umeunganisha kompyuta, chomoa chaja yake uone. Amplifaya na kompyuta zikitumia soketi za mbali, ethi zake mbili zinaweza kufanya mzunguko unaovuma. Zichomeke kwenye ekstensheni moja nzuri.

6. Zima taa yenye swichi ya kupunguza mwanga, na sogeza simu na chaja mbali na gitaa.

Tulichokipata

Hatua ya nne ndiyo iliyoukata ule mluzi. Adapta moja ya bei ya chini ilikuwa inalisha pedali mbili kwa waya wa matawi: hii mpya na nyingine ya kidijitali ya kutoa mwangwi. Pedali ya kidijitali hutupa kelele kwenye waya wa umeme, na jirani yake huipokea. Suluhisho ni kila moja kuwa na adapta yake. Ukinunua, soma kilichoandikwa: volti ziwe zile zile, miliampea zisiwe pungufu, na mchoro wa chanya na hasi ulingane. Pedali nyingi hutaka hasi katikati. Ukikosea unaweza kuiunguza.

Ule mvumo mzito ulibaki, ingawa ulipungua kijana alipogusa nyuzi. Huo ulikuwa wa gitaa lenyewe. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambazo wapigaji huziita pikapu. Zile za koili moja hunasa mitikisiko ya nyuzi, lakini hunasa pia umeme wa nyumba, ambao Qatar, kama Tanzania, Kenya na Uganda, huenda kwa hezi 50. Ndugu zetu wa Marekani na Kanada wana hezi 60, kwa hiyo mvumo wao uko juu kidogo. Gitaa la koili moja halinyamazi kabisa. Dawa yake ni kuligeuza polepole hadi upate upande ambao mvumo ni mdogo.

Gharama ya usiku ule ilikuwa betri moja kutoka duka la chini. Pedali iliyoitwa takataka haikuwa na kosa lolote, na plagi ya amplifaya bado ina pini zake tatu na nyaya zake zote.

Saa mbili kamili bibi alipiga. Alisikiliza wimbo wote, akitikisa kichwa taratibu. Ulipoisha, alinyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Amepiga vizuri mjukuu wangu. Lakini mbona ameelekea ukutani?"