Je, Wajua? Waya Uliokuwa Pesa na Taa Ndogo Inayoamsha Alteneta

Je, wajua kwamba kwenye njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, waya ulikuwa pesa? Mpelelezi Stanley alipofunga mizigo yake mwaka 1871 alibeba shanga, vitambaa na masango, yaani waya mnene wa shaba. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, masango yalihesabiwa kama dhahabu! Sasa fungua boneti ya Land Rover kuukuu iliyoegeshwa chini ya mwembe pale Tabora, toa alteneta yake, uipasue. Utakuta nini tumboni? Waya wa shaba, umesukwa mzunguko juu ya mzunguko.

Na shaba si ngeni kwa watu wa huku. Msiri, mfanyabiashara aliyetokea magharibi ya Tabora, alikwenda hadi Katanga katikati ya karne ya 19 akajenga ufalme kwa pembe za ndovu na shaba. Amini usiamini, Kongo, iliko Katanga hiyo, leo imo katika nchi tatu za kwanza duniani kwa kutoa shaba.

Kwa njia hiyohiyo, wapelelezi Richard Burton na John Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kaze, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Siku 134 njiani! Wewe ukitoka Dar es Salaam kwenda huko kwa gari ukaendesha saa 14, alteneta yako itakuwa imejizungusha zaidi ya mara milioni 3. Hesabu mwenyewe: pulei yake ni ndogo, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika yenyewe inakaribia 4,000. Uzito wote huo wa kuzunguka umebebwa na beringi mbili tu.

Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi uliweza kufika frasila mbili, karibu kilo 32. Inua betri ya Land Rover: ni kama frasila moja, kilo 16 au 17. Kwa hiyo mpagazi mmoja angebeba betri mbili begani, na safari ikaendelea.

Umeme wa kuzungusha ulianza lini? Michael Faraday aliugundua mwaka 1831, miaka 26 kabla Burton hajaiona Kaze. Na mwaka 1879, Mtemi Mirambo akiwa bado anatawala upande huu wa nchi, kule Birmingham Joseph Lucas alikuwa anauza taa za baiskeli zilizoitwa Mfalme wa Barabara. Jina hilohilo la Lucas ndilo utakalolikuta limegongwa kwenye alteneta za magari mengi ya zamani ya Uingereza.

Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Za mwanzo hazikuwa na alteneta kabisa, zilikuwa na dinamo. Dinamo maarufu ya Lucas, ile C40, kilele chake kilikuwa ampea 22. Sikia hili sasa: taa mbili kubwa za mbele peke yake zinaweza kula ampea 10, na injini ikinguruma polepole dinamo hutoa karibu sifuri. Ukitembea usiku polepole kwenye mchanga, betri inaliwa huku gari linakwenda! Ndiyo maana Land Rover ya toleo la tatu, mwaka 1971, ilikuja na alteneta ya ampea 34.

Jambo jingine litakalokushangaza: Land Rover za kabla ya 1967 zilifungwa betri kinyume na unavyojua. Chanya ndiyo iliyokwenda kwenye bodi, hasi ikaenda kwenye nyaya! Gari la michezo la MGB, lililoanza kutengenezwa mwaka 1962, nalo lilikuwa hivyohivyo. Tena MGB za mwanzo zilikuwa na betri mbili za volti 6, zimefichwa sakafuni nyuma ya viti. Fundi aliyezoea magari ya sasa akifunga betri kwa mazoea kwenye gari lililowekewa alteneta huku bodi ikiwa bado ya chanya, diodi zinaungua kufumba na kufumbua.

Je, wajua kwamba dinamo ina kumbukumbu? Chuma chake hubaki na usumaku kidogo hata gari likilala mwezi mzima, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayoanzisha umeme asubuhi. Betri ikiwa dhaifu mno kuzungusha stata, unashika hendeli ya mbele, unawasha injini kwa mkono, na ikishapata kasi dinamo inaamka yenyewe. Alteneta haina bahati hiyo. Inahitaji kuamshwa.

Na nani anaiamsha? Hapa, msomaji, sogea karibu, maana hiki ndicho kioja ninachokipenda kuliko vyote. Ile taa ndogo nyekundu ya betri kwenye dashibodi, globu ya wati 2.2 tu, ndiyo inayopeleka umeme wa kwanza kwenye alteneta! Ukigeuza ufunguo, umeme unapita kwenye globu, unafika kwenye sumaku ya katikati, kazi inaanza. Globu ikiungua, alteneta nzima, mpya hata kama imetoka kwenye boksi jana, inaweza kukaa kimya isichaji hata volti moja. Watu wamenunua betri, wamenunua alteneta, wamebadilisha mkanda, na kumbe shida ilikuwa globu inayokaa kwenye ncha ya kidole. Kwa hiyo geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa nyekundu imewaka? Vizuri. Haikuwaka? Usifungue pochi bado, anza na globu.

Taa hiyohiyo ina lugha. Ikiwaka kwa nguvu ukiwa njiani, alteneta haichaji. Ikiwaka kwa unyonge, mwanga hafifu kama kaa linalokufa, mara nyingi diodi moja imekufa. Ndani ya alteneta kuna diodi kubwa 6, na kazi yao ni kuugeuza umeme unaokwenda na kurudi uwe unaokwenda upande mmoja.

Ikiwaka huku mshale wa joto unapanda, simama hapohapo! Kwenye Land Rover ya zamani mkanda mmoja unazungusha alteneta na pampu ya maji pamoja. Mkanda ukikatika unapoteza chaji na unapoteza mzunguko wa maji ya kupoza kwa wakati mmoja.

Mkanda huo unapimwa kwa dole gumba. Bonyeza katikati ya pulei mbili: ukizama kama milimita 12, umekaa sawa. Ukizama zaidi unateleza, na ule mlio mkali asubuhi ni wa mkanda unaotelezea pulei.

Betri ya volti 12 si ya volti 12! Ina seli 6, kila moja volti 2.1, jumla 12.6. Weka mita asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 imeshiba, 12.0 ina njaa kali. Washa injini, kanyaga mafuta kidogo, upime tena. Kati ya 13.8 na 14.4, alteneta ni nzima, acha kuisingizia. Ikipita 15, regyuleta inayodhibiti volti imekufa, na betri inachemka mpaka maji yanakauka.

Na ikisoma 14.2 kwenye alteneta halafu 12.3 kwenye betri? Umeme umepotea njiani, kwenye viungo. Angalia vichwa vya betri: ule unga mweupe wenye ukijani unatosha kuzuia chaji. Dawa yake iko jikoni. Chukua magadi, koroga kwenye maji ya moto, hakikisha vizibo vya betri vimefungwa, kisha mwagia. Utasikia ssss, povu litapanda, unga utayeyuka mbele ya macho yako, na risasi ya kijivu itatokea chini yake. Suuza, kausha, kaza. Kisha fuata waya wa bodi hadi kwenye chasisi, kwaruza kutu, kaza na huo.

Kuna vitu viwili vidogo kuliko kifundo cha kidole vinavyoweza kuizima alteneta nzima: kaboni. Zinasugua pete za shaba mamilioni ya mara, zinaisha kama chaki ya mwalimu. Fundi umeme mzuri anabadilisha kaboni tu, anakurudishia alteneta yako ileile.

Alteneta ikifa katikati ya pori, injini ya petroli ina saa zake: betri ikiisha, cheche zinaisha, gari linazima. Lakini Land Rover ya dizeli ya zamani, ile unayoizima kwa kuvuta kitufe, haihitaji umeme kuendelea kunguruma! Mchana kweupe inaweza kukufikisha Tabora bila chaji kabisa, mradi usiizime njiani.

La mwisho, ulishike sana. Wapo mafundi wanaopima chaji kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka. Ikiendelea kunguruma wanasema alteneta ni nzima. Enzi za dinamo mchezo huo ulipita. Kwenye alteneta, volti zinaruka ghafla mara kadhaa ya kawaida na kuunguza diodi na regyuleta zilizokuwa salama dakika moja kabla. Ukiona spana inaelekea kwenye terminali na injini bado inawaka, mzuie fundi wako, mpe mita.