Kimeng'enya chenye Mbio na Ugonjwa Usio na Haraka

Ukipanda gari Mombo kwenda Lushoto, masikio huanza kuziba hata kabla ya Soni. Juu kule, mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, kaa kwenye benchi la wagonjwa wa macho usikilize. Neno litakalorudiwa sana ni “presha”, na wengi wanalichanganya. Mzee akiambiwa ana presha ya macho, anarudi zake Mlalo, anapunguza chumvi kwenye makande na kuacha kugombana na wakwe. Wakwe hawana kosa. Hiyo si presha ya damu.

Jicho hutengeneza maji yake ya ndani usiku na mchana, na maji hayo yana mfereji wake wa kutokea. Mfereji ukipata kikwazo, yanajaa na kukandamiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, mshipa wenye nyuzi kama milioni moja. Uzi uliokufa haufufuki. Ndiyo maana, tukihesabu upofu usioweza kurudishwa, hakuna ugonjwa duniani unaoongoza kuliko huu. Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti waliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Zaidi ya 4 katika kila 100 walikuwa nao.

Dawa kadhaa za kuulinda mshipa huo hufanya kazi kwa kukifunga kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemia mwilini, na humo ndimo mna rekodi za kusimulia.

Yenye umri mkubwa kuliko zote ilitoka Afrika, tena kwenye sumu. Huku kwetu mshukiwa wa uchawi alinyweshwa mwavi. Kule Calabar, Nigeria ya leo, alilishwa mbegu za mmea uitwao esere. Akitapika, hana hatia. Mwaka 1855 daktari wa Edinburgh, Robert Christison, aliionja mbegu hiyo mwenyewe, akaona mwili unamwishia nguvu, akanywa maji aliyokuwa amenyolea ndevu ili atapike. Alipona. Mwaka 1864 ikatolewa humo fisostigmini, na kufikia 1877 Ludwig Laqueur wa Strasbourg alikuwa akiitumia kushusha presha ya macho, ugonjwa aliokuwa nao hata yeye. Dawa hiyo hukizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali inayoamuru misuli ijikaze; kimeng'enya kimoja tu huvunja molekuli kama 25,000 kwa sekunde. Kikifungwa, msuli mdogo ndani ya jicho hujikaza na mfereji hufunguka.

Mbio hizo si kitu mbele ya kaboniki anhidrasi. Kimeng'enya hiki huiunganisha hewa ya ukaa na maji, hadi mara milioni moja kwa sekunde, na ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa kuliko vyote vilivyopata kupimwa. Jicho hukitegemea katika kutengeneza maji yake. Tangu miaka ya 1950 madaktari wanakifunga kwa kidonge cha asetazolamaidi.

Kidonge hicho nakipa pia taji la kupanda juu kuliko dawa zote za macho. Waongoza wageni wa Kilimanjaro wanakijua kwa jina la Diamox: wageni hukimeza ili wasizidiwe na ugonjwa wa mwinuko njiani kuelekea mita 5,895. Mgeni wa kileleni na mzee wa Mlalo wanaweza kumeza kidonge kilekile, na usumbufu wao ni mmoja. Vidole vinachonyota, choo kidogo kila mara, na soda inakuwa kama maji ya sukari, maana ulimi nao hutumia kimeng'enya hichohicho kuonja gesi. Mwenye mzio wa dawa za salfa amwambie daktari mapema. Mwaka 1995 ilikuja dozolamaidi ya matone, inayokifunga kimeng'enya jichoni bila kumtaabisha sana mtu mwili mzima, ingawa huacha uchungu mdomoni.

Kizazi kipya cha dawa hizi hufunga kimeng'enya kingine, Rho kinesi. Japani ilikuwa ya kwanza kukiruhusu mwaka 2014, kwa dawa ya ripasudili. Marekani ikafuata Desemba 2017 kwa netasudili. Kwa wanyama wa maabara zimeonyesha dalili za kuzilinda seli za neva zenyewe, mbali na kushusha presha. Kwa binadamu hilo bado ni tumaini, nami sitalipigia ngoma. Nakumbuka dawa ya memantini, ambayo haifungi kimeng'enya ila ilitarajiwa kuulinda mshipa moja kwa moja: ilijaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 2,200 kwa miaka 4, na matokeo ya 2018 yakaonyesha haikuuzuia ugonjwa kusonga mbele. Hadi leo kinachoaminika ni kushusha presha.

Rekodi ya ukimya ni ya ugonjwa wenyewe. Aina iliyoenea zaidi huku kwetu haiumi, huanza kula pembeni mwa uwezo wa kuona, na mtu huendelea kupalilia kabichi zake kama kawaida. Ukishatimiza miaka 40, hasa kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja alipofuka, nenda ukapimwe presha ya macho na uangaliwe mshipa nyuma ya jicho. Na kama umeshapewa matone, chupa ikiisha usisubiri maumivu ndipo urudi kliniki. Hayatakuja.