Radiumu mfupani, tarehe mahakamani

Katika kiwanda cha United States Radium Corporation mjini Orange, New Jersey, wasichana walipaka namba za saa kwa rangi inayong'aa gizani. Namba zilikuwa nyembamba, na nyuzi za brashi zilitawanyika upesi. Walifundishwa namna ya kuzikusanya: brashi iingie mdomoni, ibanwe kwa midomo hadi ncha ichongoke, ichovywe, ipakwe. Halafu mdomoni tena. Rangi ile ilikuwa na radiumu. Grace Fryer, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1917, alikuwa akipenga kamasi, leso inang'aa.

Mwili huipokea radiumu kama kalsiamu. Sehemu kubwa ya iliyomezwa hutoka na choo, lakini inayobaki hupelekwa kwenye mifupa na kujengewa humo. Mionzi yake ya alfa haipenyi hata karatasi, na ikiwa nje ya mwili ngozi huizuia. Ndani ya mfupa hakuna wa kuizuia. Huzipiga seli zinazojenga mfupa, na uboho unaotengeneza damu, usiku na mchana. Ili radiumu ipungue kwa nusu tu, huchukua miaka 1,600 hivi.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Jino linauma, linang'olewa, kidonda hakifungi. La jirani linafuata. Mwishowe taya linaoza na kumeguka vipande. Fryer alikuwa ameshahamia kazi ya benki meno yalipoanza kumtoka. Sheria ya New Jersey ilimpa mlalamikaji miaka 2 tu ya kufungua kesi, na hapo ndipo kampuni ilipojikinga. Haikuhitaji kuthibitisha kwamba rangi ni salama. Ilihitaji siku zipite.

Mwaka 1924 kampuni ilimwita Cecil Drinker wa Chuo Kikuu cha Harvard achunguze. Alikuta vumbi linalong'aa kwenye nywele na nguo za wafanyakazi, hadi kwenye nguo za ndani, na damu zao hazikuwa sawa. Akaandika kwamba chanzo ni radiumu. Kampuni ikaikalia ripoti hiyo, kisha ikaiambia Idara ya Kazi ya jimbo kwamba kila msichana yu mzima kabisa. Daktari Alice Hamilton aligundua udanganyifu huo na kumfikishia habari Drinker, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1925 ingawa alitishiwa kushtakiwa. Nikiyasoma haya nashikwa na uchungu: jibu lilikuwapo, limeandikwa, limefungiwa kabatini, na wanawake wanaendelea kuzunguka kwa madaktari wa meno wakiuliza wana nini.

Kampuni ilimtumia pia Frederick Flinn, mtaalamu aliyewapima wanawake hao na kuwatuliza kwamba hawana tatizo. Hakuwa na leseni ya udaktari. Tena kulikuwa na neno la aibu. Mollie Maggia, mmoja wa wasichana wa kiwanda hicho, alipofariki mwaka 1922, cheti chake kiliandikwa kaswende, na maneno hayo yakawafaa waliotaka kiwanda kisilaumiwe. Mwaka 1927 kaburi lake lilifukuliwa. Mifupa ilikuwa ikitoa mionzi, na dalili ya kaswende haikuonekana.

Daktari Harrison Martland alikuwa ameshapima radiumu katika miili ya wagonjwa walio hai na ya waliokufa. Mwaka 1927 wakili Raymond Berry alifungua kesi kwa niaba ya Fryer na wenzake wanne. Kuhusu miaka 2, alijibu kwamba sumu iliyo mfupani inamdhuru mtu hata leo, hivyo muda hauwezi kuwa umekwisha. Kesi ilipoanza kusikilizwa Januari 1928, baadhi yao hawakuweza kuinua mkono kula kiapo. Aprili mahakama iliahirisha hadi Septemba: mashahidi wa kampuni walikuwa wanakwenda Ulaya majira ya kiangazi.

Magazeti yaliwaka kwa hasira, na Juni kampuni ikakubali kupatana nje ya hukumu bila kukiri kosa. Kila mmoja alipewa dola 10,000, gharama za matibabu, na dola 600 kwa mwaka maadamu yu hai. Kwa Grace Fryer malipo hayo yalikoma Oktoba 1933, akiwa na miaka 34.