Je, Wajua? Mgomba Unaovishwa Koti

Mgomba wa uani, ule ulio nyuma ya bafu, hauna makuu. Hunywa maji ya kuogea, majani yake huchanwa na watoto, na anayetaka cha kufunikia chungu hukata jani bila hodi. Sasa sikia: kusini mwa Uingereza kuna watu ambao kila Novemba huufunika mgomba kama mzazi wa siku saba.

Aina wanayoipenda ni Musa basjoo. Huitwa mgomba wa Japani, ingawa asili yake ni China. Jalidi ya kwanza ikipiga, yaani umande unapoganda usiku, majani huamka meusi, yamelegea kama mchicha uliopitiliza jikoni. Mwenye bustani huyakata yote, akaliacha shina. Hulizungushia wavu wa waya, ule wa banda la kuku, akajaza mabua makavu ya ngano hadi juu, kisha akaweka kifuniko mvua isipenye. Hicho kifuniko si pambo. Baridi kavu mgomba huu huivumilia. Kinachouozesha ni baridi iliyochanganyika na maji.

Tena hilo tunaloliita shina si shina. Ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina lenyewe ni tunguu lililo ardhini, na likifunikwa vizuri, hata juu kukifa kote, mwezi wa Mei huchipua. Basi waya wa nini? Urefu. Mgomba ulioponyeka na shina lake huanza msimu ukiwa tayari umempita mtu kimo, na Agosti ikifika jirani anauona kutoka upande wa pili wa ua. Nadhani hiyo ndiyo nusu ya raha yenyewe.

Je, wajua kuwa magimbi ni maua? Wakenya wasome nduma. Bustani za Ulaya huyapanda kwa ajili ya majani yale mapana tu. Hakuna anayewaza kuyachemsha yaliwe na chai. Vuli yao ikiingia huchimbuliwa, hukaushwa, na kulazwa kwenye boksi la mchanga mkavu katika chumba kisichogandisha. Mnyonyo nao, ambao kwetu huota jalalani bila kupandwa na mtu, kule mbegu zake huuzwa kwenye pakiti, na unaopendwa zaidi ni wenye majani mekundu. Huo haufichwi popote. Jalidi huuua, mwakani wanapanda mwingine. Mbegu zake zina sumu kali, kule na huku, kwa hiyo wenye watoto wawe macho.

Mwaka 1993, mwandishi wa vitabu vya bustani Christopher Lloyd alifanya jambo lililowaudhi wengi. Nyumbani kwake Great Dixter, kusini mashariki mwa Uingereza, aling'oa bustani ya mawaridi iliyokuwepo tangu enzi za wazazi wake. Yeye na mtunza bustani wake mkuu, Fergus Garrett, wakapanda migomba na maua yaitwayo kana mahali pake. Kumng'olea Mwingereza mawaridi!

Wafalme wa Ufaransa walikuwa na njia ya gharama zaidi ya kukinga mimea na baridi. Jumba la Versailles lina ukumbi mkubwa wa mawe uliojengwa miaka ya 1680 ili kulaza michungwa wakati wa baridi. Hadi leo miti zaidi ya 1,000, kila mmoja ndani ya sanduku lake, huingizwa ndani Oktoba na kutolewa Mei.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Carl Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi tunayoyatumia sasa. Akiwa Uholanzi alisimamia bustani ya tajiri George Clifford, na katika nyumba ya vioo mlikuwa na mgomba uliogoma kuchanua. Linnaeus akaunyima maji kwa wiki kadhaa, kisha akaumiminia kwa wingi, akiigiza kiangazi na masika. Januari 1736 ukachanua. Akaandika kitabu kizima juu ya mgomba huo mmoja, na kikatoka mwaka uleule. Mkulima wa Bukoba angeshangaa kuwa habari hiyo imetosha kitabu.

Karne moja baadaye, mwaka 1835, mgomba mfupi ulichanua katika nyumba ya vioo ya Chatsworth, Uingereza, chini ya uangalizi wa Joseph Paxton. Aliuita kwa jina la ukoo wa mwajiri wake: Cavendish. Wamisionari wakachukua miche, wakaipeleka visiwa vya Pasifiki. Leo karibu nusu ya ndizi zinazolimwa duniani ni za kundi hilo, na zile za manjano zilizopangwa kwenye supamaketi za Ulaya ni hizo hizo.

Nasi tumewapa cha dirishani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau Usambara, akatuma mbegu kwao. Wajerumani bado wanaliita Usambaraveilchen.

Kama una ndugu ughaibuni mwenye kiwanja cha nyuma na hamu ya nyumbani, mwambie aanze na Musa basjoo, na asisahau kifuniko. Ndizi asizisubiri: ni ndogo, zimejaa mbegu, haziliwi.